Chupa ya Wageni na Mafuta ya Taa

Jumatatu, 10 Juni

Mpunga umevunwa, matanga yameanuliwa, ndugu wamerudi makwao. Nimebaki mimi Nikodemu na nyumba hii ya Lipangalala. Kimya chake kinaudhi. Nikisimulia kisa, ukuta haucheki.

Kabla hawajaondoka, kikao cha ukoo kilikaa. Vyombo vya marehemu mke wangu Marsiana vitagawanywa hivi: ambavyo havijatumika, vyenye stika zake, viende Chita kwa mdogo wake Wilhelmina. Vilivyotumika vibaki kwangu. Wilhelmina anakuja Jumamosi na treni.

Sawa. Mimi nataka kimoja tu. Chupa ya chai nyekundu, yenye maua, ile ya kabatini. Marsiana hakuibandua stika hata siku moja. Alisema ni ya wageni. Kuna siku nimetoka mtoni nimelowa mpaka mifupa, nikamwambia leo nami ni mgeni, nimiminie humo. Akasema mgeni hupiga hodi. Akanipa kikombe cha bati.

Mimi niliyevusha watu Kilombero kabla ya daraja. Mimi ambaye mamba walikuwa wananiamkia shikamoo, wanasogea pembeni nipite. Chupa itanishinda?

Chupa isiyo na stika ni ya zamani. Ya zamani ni yangu. Akili hii haifundishwi shuleni, ndiyo maana sikwenda. Herufi nilizookota kwenye kisomo cha watu wazima zinanitosha.

Jumanne, 11 Juni

Kazi imeanza vizuri. Stika kubwa, yenye picha ya kikombe kinachofuka moshi na maneno mengi chini yake, nimeiloweka kwa maji ya moto ikatoka nzima. Nimeihifadhi. Ile ndogo ya vistari vyeusi imechanika. Nikaikwangua kwa kucha, kucha ikaisha. Nikachukua kisu.

Karatasi imetoka. Gundi imebaki. Sijawahi kuona kitu king'ang'anizi hivi, na mimi nimewahi kung'ang'aniwa na kambale. Nikaianika chupa uani ikauke. Nimerudi nimekuta imekamata vumbi, pumba za mpunga na manyoya ya kuku. Chupa ina ndevu.

Zakayo akapita wakati huohuo. Huyu ni jirani, fundi baiskeli, na mtani wangu, kwa hiyo hana adabu kwa ruhusa. Akaivulia chupa kofia, akaiamkia shikamoo babu. Akaniuliza mzee huyu kafika lini na mbona hatujapewa taarifa.

Nimemfukuza. Hakuondoka haraka.

Jumatano, 12 Juni

Mchanga na waya wa kusugulia masufuria. Nimesugua asubuhi nzima huku nikiimba, maana mwanaume anayesugua vyombo kimyakimya watu watamwonea huruma, na huruma sitaki tena, nimeshiba.

Gundi imepungua. Maua yametoka yote.

Nimekaa nayo mapajani muda. Ilikuwa na waridi mawili na jani. Marsiana alikuwa anayafuta vumbi kila Jumamosi kwa kona ya kanga. Sasa pana madoa meupe kama mba.

Lakini inaonekana kongwe. Mpango ni mpango.

Alhamisi, 13 Juni

Gundi iliyobaki bado inanata. Kidole kikigusa, kinasema "tch." Nikajishusha, nikaenda kwa Zakayo. Akasema eti tone la mafuta ya taa kwenye kitambaa, futa taratibu, osha kwa sabuni. Yeye ndivyo anavyobandua stika za baiskeli mpya.

Tone! Tone ni la watu waoga. Mimi nikikutana na adui simpigi kofi moja. Nimejaza mafuta ya taa kwenye beseni, nikailaza chupa humo, nikaenda kupiga soga kijiweni. Nimewasimulia ya yule kiboko aliyenisaidia kusukuma mtumbwi. Walicheka kidogo. Marsiana ndiye aliyejua mahali pa kucheka, na wengine walikuwa wanamfuata yeye.

Kurudi, gundi yote imeyeyuka. Nimeshinda.

Mfuniko sikuwa nimeukaza. Mafuta yameingia ndani. Nimeosha kwa sabuni, kwa majivu, kwa limau. Ukifungua inanuka kama kibatari. Itaisha.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeamka na wasiwasi. Wilhelmina ana macho. Anajua kabatini kulikuwa na kitu chenye stika ya kikombe. Asipoiona ataniuliza. Basi lazima aione. Ila si lazima aione kwenye chupa.

Jikoni kuna sufuria ya wali. Kuukuu, imebonyea ubavu, nyeusi kama roho ya Zakayo. Marsiana alikuja nayo siku anaolewa. Aende nayo Wilhelmina, mimi nabaki na chupa. Nimekwangua masizi kwa mchanga mpaka imeng'aa. Chini ya ukingo kumetokea jina, MARSIANA, kalichora mwenyewe kwa msumari, maana vyombo vya msibani hupotea. Nimebandika stika juu ya jina. Gundi ni ugali wa jana jioni. Imekaa upande kidogo, ila nani atakagua?

Sufuria mpya kabisa. Naogopa akili zangu.

Jumamosi, 15 Juni

Wilhelmina kafika mchana, treni ilichelewa. Kaniamkia vizuri, akalia kidogo mlangoni, mimi nikaangalia kuku. Zakayo na mkewe Paskalina wakaja kuwa mashahidi. Hakuna aliyewaita.

Nikaanza na chupa. Nikasema hii ni kongwe, tumeinywea miaka. Wilhelmina akaifungua, akanusa, akarudisha uso nyuma. Akauliza, shemeji, mlikuwa mnakunywa chai au mnakunywa taa? Zakayo akakohoa mpaka Paskalina akampiga mgongoni. Nikasema ndiyo uzee wenyewe, vitu vikizeeka hunuka. Akasema basi shemeji ibaki kwako.

Nikaivuta chupa upande wangu.

Nikaleta sufuria kwa mikono miwili. Nikasema hii haijaguswa moto, stika hiyo hapo, naapa mbele ya mashahidi, ni ya kwenda Chita. Wilhelmina akasoma stika polepole. Akauliza, shemeji, sufuria hii inatunza chai moto mpaka kesho? Nikasema za siku hizi zina mambo.

Akagusa stika. Ugali haukushika. Stika ikateleza, ikaanguka, jina likabaki wazi. Nikangojea anitukane.

Hakunitukana. Akapitisha kidole kwenye jina, akarudia. Akasema sufuria hii ilikuwa ya mama yao. Walipikiwa humo wote wawili, wakigombania ukoko. Alikuja safari nzima anajiuliza ataniombaje, maana si kipya, na kikao kilisema kilichotumika ni changu. Nikafungua mdomo. Akanitazama, akasema: "Lakini shemeji umeapa ni mpya. Ukisema mpya, ni mpya."

Zakayo akasema yeye ni shahidi.

Kaifunga ndani ya kanga, kaibeba kifuani kama mtoto. Sahani mpya za kabatini, zenye stika zake, hakuchukua hata moja.

Jumapili, 16 Juni

Nina chupa. Sina cha kupikia, sufuria ilikuwa hiyo moja tu.

Nimechemsha chai kwenye kopo la maziwa, nikaimimina kwenye chupa. Halafu nikatoka nje, nikafunga mlango, nikapiga hodi. Nikangoja kidogo. Nikapiga tena.

Nikaingia mwenyewe. Nimekunywa vikombe viwili. Kila nikicheua, naogopa kukaa karibu na jiko. Paskalina alichungulia akauliza chai ikoje. Nikasema tamu, haijawahi kutokea.

Nimekumbuka ukoko. Marsiana alikuwa anaukwangua wote ananipa mimi, yeye anasema hana meno. Meno alikuwa nayo.

Jumanne, 18 Juni

Paskalina kanionea huruma, kaniazima sufuria yake ya wali hadi nipate yangu. Nzuri, nzito, ina mfuniko. Jana nimepika, wali umeungua chini sawasawa kabisa. Ukoko umetoka mzima kama kofia. Nimeula polepole, nimekaa kwenye kigoda cha Marsiana.

Kwenye mfuniko kuna plasta, imeandikwa PASKALINA kwa kalamu. Pembeni imeanza kunyanyuka yenyewe. Mimi nimeisaidia tu kwa kucha.

Jioni nimeenda kwa Zakayo kuomba mafuta ya taa. Kaniuliza ya nini. Nimesema kibatari kimekauka.

 Akasema safari hii nijaribu tone.

Nimeomba chupa nzima.