Nilisema Ile ya Kupanda

Jumatatu, 24 Machi 2025

Emmy, wewe ndiye unaniandikia, weka tarehe kwanza. Umeweka? Haya. Sasa huyo Jepchumba, si amerudi tena na ile maneno yake! Ati Jumamosi wakwe wakitoka Mabanga na ng'ombe za mahari ya Lenah, wakae kwake. Ati kwake nyasi ni kama kapeti. Ati kwangu nyasi imefika kiuno, wazee watapotea humo tuwatafute na tochi. Jirani gani huyu? Lenah ni mjukuu wangu mimi. Nimemlea kwa hii mikono. Aposwe kwa uwanja ya mtu mwingine? Haiwezekani!

Nikaenda kwa Rotich, yule fundi wa hapa Kachibora. Mama yake alikuwa mpishi mzuri, Mungu amrehemu, lakini chumvi alikuwa anasahau. Wacha hiyo. Rotich akasema mashine za kukata nyasi ziko mbili. Iko ya kuvuta na iko ya kupanda. Nikamwambia mimi nimeokoka, sivuti kitu. Alicheka mpaka spana ikaanguka! Kumbe ya kuvuta unafunga nyuma ya trakta, inavutwa. Ya kupanda unakaa juu yake kama pikipiki.

Akasema kwangu ni ya kuvuta tu. Ati niko na mawe, niko na vichuguu, niko na visiki za ile miti mwanangu Levi alikata. Ya kuvuta iko na magurudumu kubwa, kisu yake iko juu, inapita. Ya kupanda ni ya nyasi laini. Ati kwangu itagonga kisiki inirushe mpaka sokoni.

Lakini nimeona picha kwa simu ya Emmy. Iko na kiti! Iko na usukani! Nikiwa hapo juu, Jepchumba ataniona mzima mzima. Nimeamua. Ya kupanda.

Jumanne, 25 Machi

Nimefanya mazoezi. Kigoda, ungo kwa mkono kama usukani, brrrm, brrrm. Kona nakata vizuri. Jepchumba akachungulia kwa ua, akauliza, Mama Levi, unaelekea wapi? Nikamwambia Kitale, na sibebi mtu! Akaenda anacheka. Na acheke.

Khisa, baba ya kijana anayeoa, akapiga kutoka Mabanga. Wako na ya kuvuta huko kwao, anaweza kuileta na pikapu kesho. Nikakataa. Mkwe anikatie nyasi kwangu? Kesho atataka kunioshea sufuria.

Nikapigia Kibiwott, yule wa kukodisha mashine Kitale. Nikasema nataka ile ya kupanda, iwe imefika Alhamisi. Akasema, sawa kogo, hakuna shida. Kijana wa heshima, ananiita kogo kama nyanya yake! Akauliza shamba kubwa kiasi gani. Akauliza habari ya mbolea, nikamwambia ng'ombe wanaweka kila siku. Akauliza habari ya mbegu, nikasema mbegu ni mzima, iko stoo, asante kwa kuuliza. Watu wa Kitale wanajua kusalimia, bana.

Alhamisi, 27 Machi

Nilienda Kitale mapema kununua kofia. Huwezi kukaa kwa mashine kama hiyo na kitambaa kwa kichwa. Nikapata ya kahawia, iko na ua kando. Nikarudi naimba.

Emmy, hii uandike polepole.

Shamba hakuna! I mean, shamba iko, nyasi hakuna. Udongo tu. Mistari, mistari, imenyooka mpaka kwa ua ya Jepchumba. Na Levi mwanangu amesimama hapo meno nje. Ati, mama, umefanya vizuri kupanda mapema, mbegu nimewatolea yote. Trakta ilikuja na jembe, ikaja na haro ya kulainisha udongo, ikaja na planta ya kuweka mbegu. Wamepanda mahindi!

Nilitaka kulia, lakini kofia ilikuwa mpya.

Nikampigia Kibiwott. Akasema, kogo, si ulisema ya kupanda? Nimepanda.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua ilinyesha. Hapo kwangu ni matope, hata kuku alikuwa anazama. Wakwe wakafika. Mzee Sifuna, babu ya kijana, akasimama kwa ua, akatoa kofia, akaangalia ile mistari. Akasema, hawa ni watu! Majirani bado wamelala, wao wameshapanda! Msichana wa boma kama hii hawezi kulaza watu njaa. Nikasema ndiyo, baba, nilipanga hivyo tangu Januari.

Lakini kukaa tulikaa kwa Jepchumba. Kwa kapeti. Akanileta mbele kabisa, akanipa chai na mikono mbili. Hiyo ndiyo iliniuma! Akasema watu wote wasikie: keti Mama Levi, pole, hii kiti haina usukani.

Nikasimama. Nikarekebisha kofia. Nikatangaza harusi yenyewe, mwezi wa tano, itakuwa kwangu! Watu wakapiga vigelegele. Lenah akashika kichwa. Ni furaha hiyo.

Jumanne, 8 Aprili

Mahindi imeota. Levi amesema mtu asikanyage. Basi harusi tutafanya huku chini, karibu na mto. Nyasi ni mrefu, visiki ndiyo usiseme. Na mimi sasa nimejifunza! Nimekubali Rotich alisema ukweli. Mtu mzima lazima akubali.

Kwa hivyo asubuhi nimepigia Kibiwott. Nikamwambia, sikiza vizuri kijana, si ya kupanda. Nataka ile ya kuvuta. Umesikia? Kuvuta! Akasema amesikia kabisa, kogo, leo leo. Na salamu zake kama kawaida. Akauliza mto uko mbali? Nikasema uko hapa hapa, maji ni mengi, Mungu ni mwema. Akauliza niko na mpira mrefu kiasi gani. Nikamwambia mpira ni ya watoto, sisi tuko na harusi!

Emmy, unacheka nini? Andika.

Nani huyo anaita? Levi? Ati gari ya Kitale iko kwa geti? Ati imebeba nini? Mapaipu na pampu ya maji? Ya nini sasa?

Wacha niende nione. Lete kofia yangu.