Vijiti Vilivyovunjika vya Sumie

Jumatatu, 3 Juni
Shemeji Toyoko amepiga simu. Jumapili mke wangu Sumie anatimiza siku arobaini na tisa tangu afariki. Lazima mtawa aje amsomee sala. Akauliza nyumba yetu ni ya dhehebu gani la Kibuddha. Nikamwambia, la kawaida. Akasema, "Shemeji, hata chai ina jina." Nisipojua kufikia Jumamosi, atachukua majivu ya dada yake akayatunze kwake Takaoka.

Madhabahu ya wazazi wangu aliitunza Sumie miaka thelathini na moja. Mimi nilikuwa nikipita tu nyuma yake kwenda kazini. Buddha wetu amesimama. Nimemtazama sana. Hasemi kitu.

Jumanne, 4 Juni
Mpango: nijifanye mjuzi katika duka la vyombo vya ibada. Nikaagiza kibao cha jina la marehemu, cha dhehebu letu. Muuzaji akauliza lipi: Zeni, Shingon, Nichiren, Ardhi Safi, au Ardhi Safi ya Kweli? Hao wa mwisho, akasema, hawatumii vibao. Nikacheka kama mtu anayejua. Nikatoka na kibao. Cheusi, kizuri.

Alhamisi, 6 Juni
Mpango bora zaidi. Ukoo wa jirani yangu Wakui na wetu ulitoka kijiji kimoja, basi dhehebu lake ni letu. Nikampelekea figili za kuchachua ili nimwone akiwasha ubani. Akasimamisha vijiti vitatu vya ubani, na vitatu ni desturi ya Shingon. Shingon hao! Nikarudi kifua mbele.

Jioni akaja kurudisha bakuli. Kijiti kimoja cha mama, akasema, kimoja cha mke, kimoja cha mbwa. Na dhehebu? Hajui. Alikuwa anataka kuniuliza mimi.

Ijumaa, 7 Juni
Nimefungua droo ya Sumie chini ya madhabahu. Sanduku la ubani, na vijiti vyote vimevunjika katikati. Walimuuzia bidhaa mbovu, naye kwa upole wake hakulalamika. Nimevifunga katika kitambaa chake cha buluu. Jumatatu navirudisha dukani.

Nimekumbuka kila asubuhi kulikuwa na mlio mdogo, ka, kama biskuti. Nilidhani ni goti lake.

Jumamosi, 8 Juni
Shemeji amefika. Akakuta kitambaa mezani, akakifungua, akakaa chini. Akasema watu wa Ardhi Safi ya Kweli huvunja kijiti na kukilaza kwenye majivu ya chetezo, hawakisimamishi. Akaniuliza kama nimevihifadhi hivi kwa ajili ya dada yake. Nikainamisha kichwa. Kuinamisha kichwa si uongo.

Akalia, kisha akampigia mtawa simu. Majivu ya Sumie yanabaki kwangu. Nimekula bakuli tatu za wali, mara ya kwanza tangu Aprili. Kibao nimekificha kwenye pipa la mchele.

Jumapili, 9 Juni
Mtawa amesoma vizuri. Kijiti nilikivunja mwenyewe. Ka. Kwa kitambo nilidhani Sumie yupo jikoni.

Akiaga, mtawa akatoa daftari. Ardhi Safi ya Kweli ina matawi mawili makuu, la Mashariki na la Magharibi, atuandike lipi? Shemeji akanigeukia. Nikasema, "La kawaida." Shemeji akafumba macho. Mtawa akasema hakuna haraka, nimjibu kabla ya sikukuu ya wafu, Agosti.

Agosti ni mbali. Na mpango ninao. Kesho nampelekea Wakui figili, nione madhabahu yake imeelekea upande gani.