Mkurugenzi Aigusa Jamii

Ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti na suti mpya, kwamba kuanzia leo jumba la sanaa litaigusa jamii. Mfadhili alikuwa amesema wazi: asipoikuta jamii ndani, mkurugenzi atafute kazi nyingine.

Mkurugenzi hakuwa mtu wa kulala. Jana tu alikuwa amewafukuza wasusi barazani kwa kuvuruga mandhari ya kitaasisi, wakaacha wateja wawili vichwa nusu. Leo akaagiza warudishwe kwa heshima zote.

"Karibuni, wadau," akasema. "Mtashirikishwa kikamilifu. Msiongee, msicheke, msiegemee ukuta. Na anayegusa sanaa anatolewa nje, hata awe nani. Sheria hiyo nimeisaini mwenyewe."

"Na kupumua, baba?" akauliza msusi mkubwa, mama mwenye mwili na maneno.

"Kwa kiasi."

Mfadhili akachelewa. Wasusi miguu ikawawaka moto. Katikati ya ukumbi palikuwa na jukwaa lililozungushiwa kamba, tupu, likisubiri sanamu iliyokwama forodhani. Msusi akairuka kamba, akakaa, akamvuta mteja mmoja wa jana, aliyekuwa amemfuata hadi ndani, katikati ya magoti, akaendelea alipoishia.

Ndipo mfadhili akaingia. Akasimama. Akavua miwani.

"Loo! Na hii inaitwaje?"

Msusi, macho kwenye nywele, akataja mtindo anaousuka: "Twende kilioni."

"Twende Kilioni," mfadhili akarudia, machozi yakimlenga. "Kazi nzito."

Mkurugenzi akairuka kamba. Akamshika msusi mkono. "Mama, shuka, unaniharibia!"

Mlinzi akafika mbio. "Mzee, umegusa sanaa."

"Mimi ni mkurugenzi!"

"Sheria yako inasema hata awe nani."

"Mtoeni," akasema mfadhili, "ananizibia."

Akatolewa kikamilifu. Barazani akakiona kigoda cha msusi, akakaa. Mara akatokea dada mmoja, upande umesukwa, upande umetimka.

"Kaka, msusi yuko wapi?"

"Yuko ndani. Amekuwa sanaa."

"Sanaa gani, na mimi nina harusi leo!" Dada akamkabidhi kitana, akaketi chini, akamwekea kichwa magotini. "Haya, malizia. Na usinivute."

Mkurugenzi akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaigusa jamii.

Jamii ikapiga yowe.