Vita vya Kamba ya Kiatu katika Darasa la Kwanza

Sogeeni, enyi mliolelewa kwa mikono ya watu mkajiona mmejilea wenyewe. Nyamazeni, na wenye kutafuna mtafune polepole, mpate kusikia habari za jemadari wa darasa la kwanza, mwalimu mpya aliyetoka chuoni juzijuzi, jinsi alivyosimama peke yake dhidi ya kengele, dhidi ya wakubwa zake, na dhidi ya mikono yake mwenyewe.

Jemadari huyu alikuwa na imani moja tu, nayo ni kwamba mtoto asifanyiwe analoweza kujifanyia. Aliitangaza katika ofisi ya walimu siku alipofika, mbele ya majabali wa ualimu waliokuwa wakinywa chai, nao walimsikiliza kwa upole ule apewao mgonjwa wa homa kali. Mwalimu mkuu msaidizi, bwana aliyeitwa Radi kwa ajili ya sauti yake, hakusema neno siku ile. Aliliweka akiba hadi asubuhi ya vita.

“Binti yangu,” alinguruma asubuhi hiyo, akiwa ameshika kikombe kama mfalme ashikavyo fimbo ya enzi, “nimewapangusa kamasi wazazi wa hao unaowafundisha. Mtoto ni wa kuvalishwa, kubebwa na kusukumwa mstarini. Jana mmechelewa, juzi mmechelewa. Mkichelewa na leo, darasa nalichukua mwenyewe, nawe utakwenda stoo kuhesabu madawati mabovu.”

Maneno hayo yalimchoma jemadari, maana alikwisha kuwapenda watoto wale wote, hata wale wanaouma.

Basi katika darasa la kwanza somo la asubuhi husomwa mkekani, na viatu huachwa mlangoni. Kengele ya mstari ikilia, kila askari hujitafutia vyake katika lile rundo. Siku hiyo kengele ikalia, jeshi likavamia rundo, vumbi likatimka, soksi zikabadilisha wenyewe, na kufumba na kufumbua wote walikuwa wima, wametumbukiza miguu katika viatu vilivyofungwa tangu nyumbani, isipokuwa mmoja ambaye kamba yake ilikuwa imefunguka. Huyo alikuwa kitindamimba wa fundi cherehani, binti wa nyumba iliyojaa dada wakubwa wanaogombania kumvalisha, hata hajawahi kuiona kamba ya kiatu ila kwa mbali, mikononi mwa wengine.

“Mwalimu,” alisema, akiwa ameketi sakafuni na kamba mkononi, “leo nafunga mwenyewe.”

Hapo ndipo vita vilipopamba moto. Kamba iliteleza, ikarudi, ikajisokota, ikatoka kwenye tundu lake kwa jeuri na kulala sakafuni. Binti akaiokota. Mikono ya jemadari ikamwasha, kwa kuwa ilijua kulimaliza jambo lile kabla hujapiga chafya. Akaipeleka nyuma ya mgongo, mmoja ukaukamata mwenzake kama mgambo na mwizi wa kuku. Alimwomba Mola wa wavumilivu amtie nguvu. Tena, tusifichane, alimlaani kimoyomoyo aliyebuni kamba ilhali vifungo vipo.

“Mwalimu, mfungie bwana, tunachelewa,” alisema askari mmoja, akichimba pua kwa utulivu wa mzee wa baraza.

“Tutachelewa,” alijibu jemadari.

Mara mlango ukawa giza. Radi amefika. Alitazama jeshi, alitazama sakafuni, akashusha pumzi ya mtu aliyeyaona haya yote zamani, kisha akainama na vidole vyake vyepesi. Jemadari akajitosa katikati.

“Mwalimu wangu, nakuheshimu kama baba. Nipeleke stoo, nitahesabu madawati pamoja na misumari yake. Lakini kamba hiyo usiiguse. Tangu aje hapa huyu mtoto hajawahi kuomba kitu, leo ameomba kuachwa. Ukimfungia, mimi nitakuwa nimemdanganya.”

Aliogopa hasa, lakini hakusogea. Radi akafungua kinywa ili angurume, na kutoka chini, bila kichwa kuinuliwa, likaja neno moja.

“Subiri.”

Hakuna aliyewahi kumwambia Radi asubiri. Wanaomjua husema hata siku ya harusi yake shehe ndiye aliyeharakishwa. Akasubiri, pengine kwa mshtuko tu, huku shule nzima imejipanga juani. Binti akatoa ulimi nje, akapindisha kitanzi, akakipoteza, akakipata, akavuta. Fundo likatokea, kubwa, limekaa upande, baya kupita kiasi, nalo likashika. Akasimama.

“Amevaa cha kushoto kulia,” alinong'ona Radi.

“Naona.”

“Na humwambii?”

“Vikimbana atasema mwenyewe.”

Radi alikuna kidevu, akasema atatoa hukumu kesho.

Kesho yake darasa zima liliingia langoni kamba zikiburuta, kila mmoja akimfukuza mama, kaka au shangazi aliyethubutu kuinama. Kengele ililia, wala hakuinuka mtu. Radi akaja kulitwaa darasa, akakuta jeshi zima limeketi sakafuni, ndimi nje, na kitindamimba wa fundi cherehani akamwonyesha kiti kidogo cha watoto, akamwambia, “Kaa hapo, babu, bado.” Akakaa, magoti yakamfika masikioni.

Basi na ikumbukwe vizazi hata vizazi kwamba siku hiyo mstari wa asubuhi ulianza jua likiwa utosini, na darasa likabaki kwa mwalimu mpya. Maana mwalimu mkuu alipokuja mbio kuuliza kwa nini shule nzima inaungua juani, Radi alijibu, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo:

“Tunawangoja watoto. Wanavaa viatu.”