Mkaguzi wa Taa Zinazotazama Mbinguni

Nolberto Pizarro aliposikia redioni kwamba taa zote za nje katika Bonde la Elqui sharti zitazame chini, zisiwaharibie kazi wataalamu wa nyota kule milimani, hakuwaza nyota hata moja. Aliwaza makopo ya mafuta ya kupikia. Akapaka makopo arobaini rangi nyeusi, akajitundikia kifuani kitambulisho cha kujitengenezea, akawa mkaguzi wa mwanga.

Alikagua mchana tu. Usiku taa zikiwaka, mtu angeweza kumuuliza swali.

Saa sita mchana alisimamisha pikapu yake mbele ya hoteli ya mjane Doña Edelmira. Akazitazama zile taa kumi na mbili za kibarazani kwa huzuni ya mtu aliyefika msibani.

"Mama, hizi zinamulika mbinguni. Kwa faini yake utauza hoteli."

"Yesu wangu! Dawa yake?"

"Kofia za taa. Bahati yako, ninazo."

Doña Edelmira akajifuta mikono kwenye aproni. "Pesa sina, mwanangu. Ila mtaalamu mmoja wa nyota alishindwa kulipia chumba, akaniachia darubini. Eti bei yake ni nyumba nzima. Mie naitumia kuzuilia mlango."

Akafunua blanketi kidogo: bomba refu jeusi, kioo kikimetameta. Mate yakamjaa Nolberto. Akainama achungulie.

"Wee! Na jua hili? Utapofuka! Mkaguzi mzima hujui?"

"Nilikuwa nakupima, mama."

"Lakini nikupe darubini kwa makopo kumi na mawili tu…"

"Kofia, mama. Chukua zote arobaini."

Mama akarudishia blanketi.

"Na pikapu."

"Na tairi la akiba?"

"Na tairi la akiba!"

Akapanda basi hadi mjini La Serena, amelipakata blanketi kama kichanga. Fundi wa miwani alichungulia mara moja tu, akacheka mpaka akakaa chini. "Kaka, hili bomba la moshi la jiko. Na hiki kitako cha chupa ya pombe, ya pisco." Nolberto hakuamini, akachungulia mwenyewe. Akalibana jicho kwenye bomba kwa nguvu.

Kesho yake alirudi hotelini akifoka. Kofia zilikuwa zimeshafungwa, na mkaguzi wa kweli alikuwa kibarazani, anakula empanada ya pili na kuzisifu taa.

"Mwizi wewe! Nakupeleka polisi!"

"Twende, mwanangu," alisema Doña Edelmira, akichukua funguo za pikapu. "Nakupa lifti. Wataanza na kitambulisho chako. Halafu hebu, hilo duara la masizi jichoni… ndiyo lile shimo jeusi wanalolitafuta kule juu?"

Nolberto akageuka, akaondoka kwa miguu.