Kisu cha Kukunja cha Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Baba mkwe amepoteza kisu chake cha kukunja. Kile cha kukatia uzi na kitambaa, alichokaa nacho mfukoni tangu mke wangu hajazaliwa. Nimesikitika. Yaani nimesikitika huku natabasamu. Mzee anataka kupumzika, na karakana yake ya makochi lazima aachiwe mmoja wetu: mimi, au mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu. Sote tunafanya kazi humo. Ufunguo ni mmoja. Atakayemletea mzee kisu cha maana ndiye ataupata, hilo halina mjadala. Mke wangu kasema nimwachie baba yake atafute kisu mwenyewe. Mke wangu hana jicho la siasa.

Jumanne, 4 Machi
Mchana wote duka la vifaa. Nilidhani kisu ni kisu. Wapi! Kuna chuma cha kaboni: kinanoleka kirahisi, ila ukikatia limau ukasahau kukifuta, kesho kina kutu. Kuna kisichoshika kutu: kinang'aa, kinavumilia jasho la mfukoni, lakini makali hayakai. Halafu kuna kile kigumu, ambacho muuzaji alikifunua taratibu kutoka kwenye kitambaa huku ameshusha sauti. Alisema kwa mzee wa umri huo, hiki hatakinoa tena maisha yake yote yaliyobaki. Nikamwambia baba mkwe bado ana nguvu zake. Akaomba radhi.

Alhamisi, 6 Machi
Muuzaji kaniazima vyote vitatu, nimemwachia saa yangu. Nimevilinganisha nyumbani, kisayansi. Nimekata kamba, sponji, boksi la friji na mkanda wangu wa zamani. Nimekata pia pazia, hilo kwa bahati mbaya. Kisichoshika kutu kiliishiwa nguvu kwenye boksi. Cha kaboni kilifika mpaka mkanda, kikagoma. Kigumu hata hakikujua kama kuna kazi. Makali yanapimwa kwa kunyoa vinyweleo vya mkono, kwa hiyo mkono wa kushoto sasa ni mtupu na wa kulia umebaki nusu. Mke wangu ameuliza kama nina upele, akahamisha mto wake. Mwanyumba naye kapita, akataka kujua pazia limepatwa na nini. Nikasema nalipunguza urefu. Akasema limepungua kweli.

Jumamosi, 8 Machi
Siku yangu. Nimemkabidhi mzee kisu kigumu mbele ya mafundi wote, nikaeleza habari za chuma kwa kirefu. Fundi wa cherehani alipiga miayo, huyo wivu tu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema ahsante sana mwanangu, akajaribu kwenye ngozi ngumu. Ikaachana yenyewe. Ndipo mwanyumba naye akatoa chake. Cha kaboni, cha bei ya kutupa, na tayari kina doa la kutu. Nilimwonea huruma, nikampigapiga begani.

Jumatatu, 10 Machi
Sielewi dunia hii. Asubuhi nimemkuta mzee amekaa kwenye kigoda mlangoni, jiwe la kunolea mapajani, ananoa kisu cha mwanyumba. Mwanyumba yuko pembeni na chai. Wanacheka. Fundi wa cherehani akaniambia ndivyo mzee alivyozoea na kile kilichopotea: ananoa pole pole, wapita njia wanasimama, wanampa habari za wagonjwa na harusi. Baadaye mzee akaniita. Alisema kisu changu ni kizuri mno, amekihifadhi kabatini, ila asubuhi hakimpi la kufanya. Akaulizia wajukuu, tukaongea vizuri sana. Kisha akampa mwanyumba ufunguo. Roho iliniuma, sifichi.

Jumatano, 12 Machi
Leo nina raha tele. Nimeliwaza jambo hili usiku kucha na nimelielewa. Mzee wa watu kila asubuhi amejikunja kwenye kigoda, anahangaika na jiwe, na hana wa kumlilia isipokuwa wapita njia. Alikuwa ananiambia, mimi sikusikia. Shida haikuwa chuma, shida ni kunoa! Basi nimerudi dukani. Ipo mashine ya kunolea ya umeme. Unachomeka kisu, inanguruma, unachomoa. Hakuna jiwe, hakuna maji, hakuna kukaa mlangoni. Muuzaji anasema kuna wateja waliotokwa na machozi. Nimemsalimia mwanyumba kwa upole, nikamsihi autunze ufunguo vizuri, maana nitauhitaji wiki ijayo. Mke wangu nimemweleza yote. Ameshika kichwa kwa mikono miwili. Kila mtu na namna yake ya kufurahi. Kesho namtoa mzee kwenye kile kigoda moja kwa moja.