Fundi Cherehani na Kokoto za Vifaranga Tisa

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, nyamazisheni watoto, niwahadithie habari za Fundi Cherehani, simba wa sindano, bingwa wa mapindo, aliyeshuka uani mwake asubuhi moja kuziokoa roho tisa.

Roho hizo zilikuwa vifaranga wa wiki tatu, waliovamia majani ya bustani wakala bila kiasi. Na kwa kuwa kuku hana meno, na firigisi isiyo na changarawe haisagi kitu, sasa walisinzia, shingo zimewavimba. Mkewe alikwisha kutoa amri: akifa hata mmoja, waliobaki wanahamia kwa dadake. Neno hilo lilimchoma shujaa, maana aliwapenda vifaranga wale kuliko alivyothubutu kusema.

Basi akatwaa koleo, akarudi na ndoo nzima ya kokoto, akaimwaga mbele ya jeshi lake. Kila kokoto ilikuwa kubwa kuliko kichwa cha kifaranga.

"Enyi wana wa tetea!" akanguruma. "Mezeni, msage, muishi!"

Hakuna kifaranga hata mmoja aliyemeza. Mmoja alipanda juu ya kokoto, akaichafua.

"Baba watoto," mkewe akaita dirishani, "unawalisha au unawajengea msingi?"

"Mama watoto! Miaka thelathini nashona sare za shule. Mtoto hapimwi kwa leo. Mwachie nafasi, ataikulia!"

"Suruali ataikulia. Jiwe je? Mpe saizi yake ya leo, akikua umbadilishie."

Lo! Shujaa alibwagwa. Lakini muungwana akivuliwa nguo huchutama. Akashika nyundo, akaponda hata jasho likamtoka. Akateka chekeche la unga bila idhini ya mwenye jiko, akachekecha, zikapatikana chembe ndogo mfano wa ufuta. Akazitia kwenye kisosi, akapiga magoti.

Yule mdogo kuliko wote akanyanyua shingo. Akadonoa moja. Akafikiri. Akadonoa ya pili, na wenzake wakaja mbio.

Hata jua lilipoinama, shingo zote tisa zilikuwa zimenywea, na Fundi alilia waziwazi. Kisha akachomoa chaki sikioni, akaandika mlangoni pa banda kama aandikavyo vipimo vya wateja: Wiki ya tatu, ufuta. Wiki ya nane, mtama. Wakikomaa, punje ya hindi. Na juu ya yote, kwa herufi kubwa, vizazi vipate kusoma: LEO WAMEMEZA.

Mkewe akaja, akasoma taratibu, akaiomba chaki. Akaongeza chini: NA CHEKECHE LANGU LIOSHWE.